Seli ya uboho inaambiwa iwe nini au inajiendea tu kwa bahati?

Mimi nashinda kwenye hadubini nikisoma slaidi za damu, na hili swali linanirudia kila nikiona neutrofili, ile seli nyeupe inayopambana na bakteria. Uboho wa mtu mzima unatoa kama bilioni 100 za hizo kwa siku, na zote chanzo chake ni seli mama chache sana, zile zinazoweza kuzaa kila aina ya seli za damu, sasa ile seli changa ikifika njia panda nani anaiambia ipite wapi?

Wanaosema ni bahati wana hoja nzito. 1964 kule Toronto watafiti kina Till na McCulloch waliwapiga panya mionzi wakawapa uboho mpya, vikaota vinundu kwenye bandama, kuhesabu seli mama ndani yake wakakuta hiki kina nyingi kile hamna kitu, kama mtu anarusha shilingi. Kwa hao, vichocheo kama G-CSF, yaani protini za mwili zinazokuza seli za damu, havichagui, vinalisha tu zile zilizokwisha kujichagulia na nyingine zinakufa.

Ila 2009 timu ya Timm Schroeder, Ujerumani, ikazichukua video seli mojamoja, ukizipa G-CSF zinaenda kuwa granulosaiti (kundi la neutrofili), ukizipa kichocheo kingine, M-CSF, zinakuwa makrofaji (seli zinazomeza vijidudu), na si kwamba nyingine zimefia njiani. Hapo nasimama na upande wa maagizo, kwamba seli inaambiwa, lakini kwa seli zilizokwisha kushuka ngazi kidogo. Seli mama yenyewe hapana, huko bahati bado ina nguvu.

Kinachonisumbua ni watu kuitumia ile lukimia ya promielosaiti, saratani ya damu ya seli changa zilizo njiani kuwa neutrofili, kama ushahidi wa maagizo. Slaidi yake ukiiona huisahau, seli imejaa chembechembe, vijiti vya Auer, vile vya ndani ya seli za lukimia, vimerundikana kama mzigo wa kuni, na imekwama hapohapo haikomai. Miaka ya 80 Wang Zhenyi wa Shanghai akawapa wagonjwa ATRA, dawa inayotokana na vitamini A, zile seli zikaendelea kukua mpaka neutrofili, na leo ikienda pamoja na aseniki wengi wanapona kabisa. Jambo kubwa mno! Lakini seli ile njia ilishaichagua zamani, ilichokosa ni kupita, maana kromosomu ya 15 na ya 17 zimebadilishana vipande na protini iliyozaliwa hapo ndo imeziba, ATRA inaiondoa. Njia panda yenyewe iko nyuma kabisa, kwenye seli ambazo hadubini yangu haiwezi hata kuzitofautisha na limfosaiti ndogo, aina nyingine ya seli nyeupe.