Nimepunguza kilo 3, nikasukuma pikipiki ya kilo 240

Kabla hamjanipigia tena simu: ndiyo, yule wa kwenye klipu ya pikipiki iliyozimika feri ni mimi. Mwenye koti la ngozi, Mombasa, saa sita mchana. Swahiba wangu (tumwite Kinyozi, anajijua) ameirusha kwenye kila kundi, mpaka lile la michango ya mazishi. Kile kicheko cha nyuma ni chake, na yeye ndiye niliyempakia.

Mnakumbuka majigambo yangu ya betri mpya ya lithiamu niliyoitia kwenye pikipiki. Ile ya risasi na asidi ilikuwa kilo nne na ushei, hii kilo moja na robo. Niliipima kwa mizani ya muuza nyanya Marikiti. Wiki nzima nikawahubiria: chuma cha injini ya cc 1200 sasa chepesi, stata inaruka kama paka aliyemwagiwa maji. Na kweli iliruka.

Jumamosi tukaelekea Diani. Foleni ya feri ya Likoni mwaijua. Nikazima injini, ufunguo nikauacha wazi, maana watu watajuaje una pikipiki kubwa kama taa haiwaki na spika hazilii? Na feni ya rejeta, kwa joto lile, haikupumzika. Feri ikaja, tukapenya mpaka mbele kabisa, muziki vilevile. Watoto wakitazama. Nikajiweka upande unaopendeza.

Fundi alinieleza baadaye, akijibana asicheke: ile Ah 12 (ampea-saa) iliyoandikwa ubavuni ni ya kuilinganisha na betri ya risasi kwa nguvu ya kuwashia. Umeme uliomo hasa ni kama Ah 4, yaani ampea 4 kwa saa moja. Taa, feni na spika zikila ampea 10 kwa pamoja, piga hesabu: dakika 24. (Msinitumie hesabu. Nishaipiga.)

Tukafika ng'ambo. Bamvua, maji yamekupwa kabisa, mteremko wa gati umesimama kama ngazi ya mnazi. Mlango wa feri ukashuka, minyororo ikalia. Muziki ukakatika katikati ya neno. Nikabonyeza stata.

Kimya.

Betri ya risasi hukuaga jamani: taa hufifia, stata hukoroma, unajua mgonjwa hana siku nyingi. Lithiamu hushikilia volti 13 mpaka dakika za mwisho, halafu kinga yake ya ndani hukata kila kitu ili seli zisiharibike. Dashibodi giza. Nikabonyeza tena, taratibu, kama mtu anayemwamsha mkwewe. Kimya. Nyuma yangu lori la mchanga likapiga honi. Nikahisi pikipiki imekuwa nyepesi: Kinyozi ameshuka. Sikumwambia ashuke. Alikuwa anatafuta pembe nzuri ya kamera.

"Ami, twaomba njia," akasema kijana wa mkokoteni wa madafu, kwa adabu iliyoniumiza kuliko tusi.

"Ipige teke, mwanangu!" akapaza mama mwenye beseni la mahamri. Mama, hizi hazina teke.

Vijana wa bodaboda nao: "Tia gia ya pili, twasukuma!" Nilijua haitawaka. Bila umeme pampu ya petroli haizunguki, hata ukisukumwa mpaka Lunga Lunga. Lakini ungemweleza nani pale? Nikatia gia ya pili. Nikaachia klachi. Gurudumu la nyuma likagoma, likaburuzika juu ya bati lenye maji, na mimi nikalala juu ya tangi kifudifudi, miguu hewani. Hapo ndipo klipu inapoanza.

Wakarudia mara mbili zaidi. Mwishowe kijana wa madafu akaacha mkokoteni wake, akatema mate viganjani, akaita "Harambee!" Feri nzima ikaitikia "Eeh!" Kila hatua, "Harambee!" "Eeh!", mpaka juu. Dereva wa lori alipiga honi kwa kufuata mdundo.

Mengine mafupi. Tuktuk akatuazima waya na betri yake, ikawaka papo hapo, betri haikudhurika. Diani tulifika, sikuogelea.

Ila kabla ya kuondoka nilimpa yule kijana pesa, akakataa, akasema ninunue dafu basi. Akiwa analikata akauliza, "Ami, rafiki yako asema umeipunguza kilo. Ngapi?"

"Tatu."

Akalitazama tumbo langu. Akalitazama dafu. Akamwaga maji kidogo, ndipo akanipa.