LUKU inakata kodi ya jengo, kwa sola inashindwa nini?

Toka 2021 ukinunua umeme wa kwanza wa mwezi unakuta kodi ya jengo imeshakatwa humohumo kwenye LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, hujapanga foleni wala hujaona ofisi ya mtu, na mara nyingi mpangaji ndo analipa afu anaanza kuvutana na baba mwenye nyumba. Tulilalamika sana, ila hela inakusanywa. Sasa kwa nini njia hiyohiyo isitumike kutufungia sola hapa Dodoma?

Jua letu mnalijua. Pita Nzuguni au Nkuhungu saa saba mchana, bati zinawaka mpaka macho yanauma na juu yake hamna kitu zaidi ya dishi la king'amuzi. Sio kwamba watu hawaitaki sola, hela ya mkupuo ndo hamna, paneli, inveta (ya kugeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani), fundi, bado betri, na betri ndo inamaliza watu. Ukijikakamua unauziwa paneli imeandikwa wati 200, fundi akiipima haifiki hata nusu, na ukiirudisha dukani unaambiwa jua lilikuwa na mawingu. Dodoma hii!

Kule Austin, Texas, shirika la umeme ni mali ya jiji lenyewe. Wanampa mwenye nyumba ruzuku ya kufunga sola ila sharti kwanza asome kozi fupi, na toka 2012 umeme wa paneli zake wanauhesabia bei yake maalumu wanampunguzia kwenye bili. Mi hiyo kozi ndo imenikosha, mtu anajua ananunua nini kabla fundi hajaegesha ngazi.

TANESCO, shirika letu la umeme, ni ya nchi nzima sio ya Jiji, sawa, na hilo linabana. Lakini TANESCO hiyohiyo ilianza kujenga sola Kishapu, Shinyanga, awamu ya kwanza megawati 50, kwa hiyo sola wanaiamini. Utaambiwa Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, umeme upo wa kumwaga. Upo, ila nguzo ikianguka mtaani kwenu bwawa halikusaidii. (Na sola ya kuunga na gridi, yaani nyaya za TANESCO, bila betri nayo inazima umeme ukikatika, kwa usalama wa mafundi, hili wauzaji hawasemi.)

Wa uniti ya shilingi 100, anayetumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, muacheni, sola haimlipi. Nawasemea wa saluni, wa bucha, mama mwenye friji za soda, hawa uniti ni shilingi 292 na ukiweka kodi inafika kama 350, na wanautumia mchana jua likiwa juu. TANESCO ikague paneli, ipitishe mafundi, ifunge kwa mkopo, deni likatwe kidogokidogo kwenye LUKU. Mita zao zipo, namba zipo kwenye mfumo, ni kuongeza kamstari kamoja tu kwenye meseji ya tokeni, chini ya kale ka kodi ya jengo.