Bahari Tunayo, Geti Ndilo Limefungwa

Kuna kundi la WhatsApp la watu niliosoma nao sekondari ambalo tangu nirudi kutoka Nairobi lina ugomvi mmoja tu: nani ana maghorofa marefu, Nairobi au Dar. Wa upande wa Nairobi wanatuma picha ya Britam Tower pale Upper Hill, mita 200 kwenda juu. Wa Dar wanajibu kwa picha za Posta, katikati ya jiji letu, zilizopigwa kutoka ng'ambo ya Kigamboni jua likizama. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, anakaa Mbagala na hajawahi kukanyaga hata mapokezi ya jengo lolote kati ya hayo, anatukanana na Wakenya usiku wa manane kwa ajili ya ghorofa la watu. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyetoka huko majuzi, naitwa kutoa ushahidi.

Haya, natoa. Ila maghorofa sikuyaangalia.

Mara yangu ya kwanza Nairobi, na nilikwenda Julai, mwezi ambao mtu wa pwani hapaswi kwenda bila kuonywa. Nilishuka kwenye basi alfajiri na shati la mikono mifupi, kila mtu pale stendi amevaa koti kama anakwenda Makete. Watu wanatembea kwa kasi, unajikuta nawe unakimbia na huna unakokwenda. Matatu zao zina muziki wa kupasua kifua na michoro ambayo trafiki wetu angeisimamisha gari kabla haijatoka gereji, na mvua ikinyesha nauli inapanda hapo hapo, hakuna wa kumuuliza. (LATRA, mnaotupangia nauli, leo nawashukuru. Sitarudia.) Hata ndizi moja ya barabarani unalipia kwa M-Pesa. Salamu wanakata fupi mno. Nilimwamkia mzee mmoja dukani "shikamoo" akanitazama kama namkopa. Simu unaambiwa uifiche ukiwa mjini kati, nami nikawacheka, halafu nikakumbuka Panya Road, vijana wetu wa mapanga, nikanyamaza. Samaki hawajui kumpika. Ugali wanajua.

Hayo ndiyo mambo ambayo kila anayekwenda Nairobi hurudi kuyasimulia, na ningeishia hapo kama dada yangu, mtoto wa mama mdogo aliyeolewa huko, asingenipeleka Karura siku ya Jumapili.

Karura ni msitu. Nasema msitu, si bustani yenye maua matatu na sanamu ya twiga. Uko ndani ya jiji, umekaa katikati ya Muthaiga, Gigiri na Runda, hekta zaidi ya 1,000 za miti, na ndani mna mito, maporomoko ya maji, mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau wanasemekana kujificha, na kima wanaokutazama kwa dharau. Unalipa kiingilio kidogo unatembea. Basi. Watoto wanaendesha baiskeli, wazee wanatembea na fimbo zao, watu wamekaa kwenye majani na chakula walichopika nyumbani. Hakuna muziki. Hakuna mtu anayekuuliza "unaagiza nini?" Nilikaa kwenye gogo zaidi ya saa nzima na hakuna aliyekuja kunihamisha, na ninyi mnaokaa Dar mnajua kwa nini jambo hilo lilinishtua.

Tukiwa pale, mtoto wa dada akaniuliza, "Anko, si kwenu mko na bahari? Mnaendanga kila siku?"

Ana miaka minane, hana ubaya wowote. Kichwani kwake Dar es Salaam ni mji ambao watu wake wanatoka kazini wanavua viatu wanaingia majini. Nikamwambia tunakwenda wakati mwingine. Mama yake, aliyekulia Temeke na mimi, akageuza uso akacheka.

Maana twambiane ukweli, jamani. Sensa ya 2022 ilihesabu Dar watu zaidi ya milioni 5.3. Kati ya hao, wangapi wameiona bahari mwezi huu, ukiondoa waliopanda pantoni na waliokwenda Feri kununua samaki? Pwani ya mji huu inaanzia kusini huko Kigamboni, inakuja hadi Feri, inapita Barabara ya Barack Obama, Oysterbay, inazunguka Msasani, inakwenda Mikocheni, Kawe, Mbezi, Kunduchi mpaka Ununio. Ni ndefu kweli. Sasa panda daladala ya Tegeta, kaa upande wa kulia, uniambie umeiona bahari mara ngapi. Utaona ukuta. Utaona geti. Utaona mlinzi kwenye kiti cha plastiki, na kibao cha mbwa mkali. Harufu ya chumvi inakufikia, upepo unakufikia, maji yenyewe ni ya mwenye kiwanja.

Na sheria tunayo, ndicho kinachonichoma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mita 60! Ukiziheshimu, mtu anaweza kutembea kutoka Kawe mpaka Kunduchi kwa miguu, mchanga mtupu, mtoto mkononi. Najua, kuna majengo yaliyotangulia sheria. Kuna mipaka ya zamani, kuna hati, kuna bahari yenyewe kula ardhi. Nakubali yote. Lakini kuta mpya ninazoziona kila mwaka nazo zilijengwa kabla ya 2004?

Mwaka jana tuliwachukua watoto wa nyumba nzima, wangu na wa jirani, tukaenda hoteli moja ya ufukweni huko kaskazini. Getini tunaambiwa kiingilio kwa kichwa, mtoto nusu. Sawa, tukalipa. Kisha kikapu kikafunguliwa. Pilau haliingii. Maandazi hayaingii. Maji ya kunywa, chupa ya lita moja na nusu, hayaingii, yako ndani yanauzwa. Mke wangu, mtu mpole kupita kiasi, akamuuliza yule kijana wa ulinzi, "Mdogo wangu, hii bahari nayo mmeinunua?" Kijana wa watu akainamisha kichwa. Akasema, "Shikamoo mama, mimi nimetumwa tu." Tulikula pilau letu kwenye kivuli cha bajaji nje ya geti, watoto wamevaa nguo za kuogelea, kisha tukaingia.

Utaniambia Coco Beach, ufukwe usio na geti, ipo. Ipo, na naipenda kuliko mnavyodhani. Mihogo ya pale na pilipili yake na ule mshikaki wa mwisho unaokula umesimama, sibadilishi na nyama choma ya Nairobi nzima. Lakini nenda Jumapili jioni uone. Mji mzima umesukumwa kwenye kipande kimoja, magari, bodaboda, spika sita zinapiga nyimbo sita, watoto wanapotea, taka zinapanda mpaka magotini. Halafu Jumatatu watu wa Masaki, mtaa wa wenye nazo, wanaandika kwamba Waswahili ni wachafu, hawajui kutunza ufukwe. Wape watu milioni tano choo kimoja halafu walaumu kwa foleni.

Kinachofuata kawaida katika makala kama hii ni "wenzetu wameendelea, sisi tumelala." Nimechoka na sentensi hiyo. Wenzetu hawakupewa kitu. Karura iliyonipendeza ilikuwa inagawiwa viwanja kwa wakubwa mwishoni mwa miaka ya tisini, kama ambavyo ingegawiwa popote pale Afrika Mashariki. Januari 1999 Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, alikwenda kupanda mti pale getini, akapigwa na vijana wa kukodiwa mpaka damu ikatoka kichwani. Mama mwenye shahada ya uzamivu, anapigwa kwa kosa la mche. Na haikuwa mara yake ya kwanza: mwaka 1989 chama tawala, KANU, kilitaka kujenga ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, naye akaandika barua huku na kule, wabunge wakamtukana bungeni, na mwishowe wafadhili wa nje wakajitoa na ghorofa likafa. Mnaotumiana picha za maghorofa, someni hapo mara mbili. Lile ndilo lingekuwa refu kuliko yote. Watu wa Nairobi wamebaki na majani ya kulalia mchana.

Hata ule mti wa mugumo wa Westlands, mkongwe, uliokuwa kwenye njia ya barabara ya juu kwa juu, walipiga kelele mpaka Novemba 2020 amri ya kuuacha ikatoka kwa rais. Mti mmoja! Mingine mingi ilikatwa kwenye mradi ule ule, nalijua hilo, sitaki mtu wa Nairobi ajisifu sana. Ila sisi barabara ikipanuliwa, mwembe uliokuwa unafunika wauza magazeti na mafundi viatu unakatwa asubuhi, jioni mafundi wamehamia juani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ulikuwa wa nani. Kwa joto hili la Februari? Kivuli Dar ni haki ya binadamu, mimi ndivyo ninavyoona.

Kwa kinyongo niseme na hili: Karura si ya wote kama nilivyoisifia. Mathare, mtaa wa mabanda, iko ng'ambo tu ya Thika Road kutoka Muthaiga, na sikuona dalili kwamba mtu wa Mathare huamka Jumapili akasema leo twende msituni. Kiingilio "kidogo" ni kidogo kwa mwenye nacho. Waliokuwa wakikimbia pale walivaa viatu vya bei ya kodi yangu ya miezi miwili. Msitu ulinusurika, sawa, na majirani zake wakubwa wamefaidika vizuri sana.

Kwa hiyo swali langu halihusu Nairobi. Linahusu Jangwani. Katika mradi wa Bonde la Msimbazi, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia, imo bustani kubwa ya jiji, kwenye ardhi ile ile iliyokuwa ikimeza nyumba kila masika. Watu wamelipwa fidia, wamehama. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe kuna ardhi tupu katikati ya Dar, karibu na Kariakoo, karibu na Magomeni, karibu na watu wasio na gari. Nataka kujua mapema, kabla ya utepe kukatwa: itakuwa na kuta? Kiingilio? Mama wa mtaa wa Kigogo ataruhusiwa kuingia na chupa yake ya chai na maandazi ya wajukuu, au kikapu kitafunguliwa getini? Maana kwa Dar ninayoijua, kitakachotangulia kumalizika pale ni ukumbi wa harusi na maegesho yake.