Hofu ya steroidi inamwumiza mtoto mwenye pumu ya ngozi

Kila baridi ya Juni na Julai inapoingia Moshi na Arusha, ngozi hukauka, watoto wenye pumu ya ngozi huanza kujikuna upya, na ubishi uleule hurudi majumbani: mtoto apakwe krimu ya steroidi, ile dawa ya kutuliza muwasho na wekundu wa ngozi, au asipakwe? Upande unaokataa umepata nguvu sana siku hizi. Kinamama wanaonyana kwamba krimu hizo zinakula ngozi, kwamba mwili ukizizoea hauziachi, kwamba zinaficha ugonjwa bila kuutoa. Wapo hata wahudumu wa afya wanaotaka zisiuzwe kabisa mpaka mgonjwa aonwe na bingwa wa ngozi.

Wana sababu. Mkorogo tumeuona ulichofanya. Klobetasoli, steroidi iliyo kali kuliko zote za kupaka, imo katika krimu nyingi za kujichubua, na anayeipaka uso mzima kwa miezi anaishia na ngozi nyembamba, mishipa inayoonekana kwa nje, chunusi na michirizi. Akiipaka mwili mzima, dawa inaweza kuingia kwenye damu ikapandisha sukari na presha. Halafu kuna krimu za mchanganyiko, zenye dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi kali ndani ya tyubu moja, ambazo kwa wauzaji wengi zimekuwa jibu la kila kinachowasha. Mwenye fangasi akipaka, muwasho unatulia, anafurahi, huku fangasi wenyewe wanasambaa na kupoteza lile umbo la duara ambalo lingemsaidia mganga kuwatambua. Na mgonjwa wa soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, anayechomwa sindano ya steroidi ili "atulizwe" anaweza kulipukiwa na ugonjwa mbaya zaidi dawa inapoisha mwilini. Kwa hiyo anayedai udhibiti simpingi.

Ninachopinga ni mahali hofu hiyo inapoangukia. Kwenye kabati la duka la dawa, haidrokotisoni ya asilimia 1 na klobetasoli ya asilimia 0.05 zinaweza kukaa bega kwa bega, zote kwenye vityubu vidogo vinavyofanana, zote zikiitwa krimu ya steroidi. Wataalamu wa ngozi hupanga steroidi za kupaka kwa madaraja ya ukali. Haidrokotisoni iko chini kabisa. Klobetasoli iko juu kabisa, na ukali wake hukadiriwa kufikia mara 600 ya haidrokotisoni. Mara 600! Na ukisoma maboksi unaweza kudhani mambo ni kinyume, kwa kuwa namba ya klobetasoli ndiyo ndogo: 0.05 dhidi ya 1. Mama asiyejua atachukua yenye namba ndogo akiamini anamhurumia mwanawe. Sijui dawa nyingine tunazozitia kwenye kapu moja hivi, kisha madhara ya ile kali tukamtishia nayo anayetumia ile laini. Haidrokotisoni imepakwa kwenye ngozi za watu tangu 1952, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Ukali ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kiasi, na hapa ndipo naona wagonjwa wengi wanapoonewa. Kipimo kinachotumika ni ncha ya kidole: unakamua krimu mstari mmoja kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye pingili ya kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 mwenye pumu ya ngozi kwenye mikono yote miwili na miguu yote miwili anahitaji ncha 3 za mikono na ncha 4 za miguu, jumla 7, yaani gramu 3 na nusu kwa kupaka mara moja tu. Tyubu ya gramu 15 inamfikisha siku 4 akipakwa mara moja kwa siku. Sasa mwulize mama aliyepewa tyubu hiyo ameitumia muda gani. Wengi watakwambia mwezi, au zaidi, kwa sababu kila jioni wanagusisha kidogo kama punje ya harage na kuisambaza mpaka isionekane. Mtoto hapati nafuu. Mama anasema dawa imezoeleka, muuzaji anampa kali zaidi, na hatimaye anafika palepale alipokuwa anapaogopa, huku hofu yake ndiyo iliyomfikisha. Jambo hili linanisumbua kuliko yote. Mtu ametumia dawa laini kwa woga hadi ikashindwa kazi, akasukumwa kwenye ile inayostahili kuogopwa.

Kuacha kutibu nako kuna bei, ila bei hiyo haipigiwi kelele. Mtoto anayejikuna usiku halali, na nyumba nzima hailali. Ngozi iliyochanika inapitisha vijidudu, vidonda vinatoa usaha, inabidi antibiotiki. Ngozi inayokunwa kwa miaka inakuwa nene na ngumu kwenye viwiko na nyuma ya magoti, na hapo ndipo steroidi kali zinapohitajika kweli. Darasani wenzake wanakataa kukaa naye wakidhani anaambukiza, ilhali pumu ya ngozi haiambukizi kabisa, na soriasisi vilevile.

Kuna ushahidi mmoja ambao upande wa hofu huutoa mara nyingi: mabaka meupe. "Krimu imemchubua mwanangu." Inawezekana, ikiwa ni kali na imepakwa muda mrefu. Lakini kwenye ngozi nyeusi pumu ya ngozi yenyewe ikitulia huacha mabaka, mengine meupe, mengine meusi kuliko ngozi ya jirani, na hurudi rangi yake taratibu kwa miezi. Mtoto ambaye hajawahi kupakwa steroidi hata tone anayapata vilevile. Dawa inasingiziwa kazi ya ugonjwa.

Na hili la kuficha ugonjwa bila kuutoa? Ni kweli, pumu ya ngozi haitolewi na krimu, wala daktari mkweli hataahidi hivyo. Mgonjwa wa presha anameza vidonge kila siku na hatumwambii vinamfichia presha. Mtoto wa pumu ya ngozi anapakwa mpaka ngozi itulie, kisha krimu inapumzishwa au inabaki siku 2 kwa wiki kwenye sehemu zinazopenda kulipuka, huku mafuta ya mgando yasiyo na manukato yakiendelea kila siku, mara tu baada ya kuoga, kwa wingi: gramu 250 kwa wiki si nyingi kwa mtoto aliyeathirika mwili mzima. Bila mafuta hayo steroidi inafanya kazi ya bure. Na lile sweta la sufu la mitumba kutoka soko la Memorial, Moshi, livaliwe juu ya fulana ya pamba, maana sufu ikigusa ngozi hiyo inaichokoza.

Hoja ya kupeleka kila mgonjwa kwa bingwa ina uzito Moshi mjini, ambako hospitali ya rufaa ya KCMC ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, kinachofundisha pia matabibu wasio madaktari ili huduma ifike mbali na hospitali kubwa. Mama wa Tarakea au wa Longido hesabu yake ni nyingine: nauli, siku nzima ya kazi, na mtoto mgongoni. Ukimfungia haidrokotisoni mpaka afike kwa bingwa, atakayemfikia kwanza ni muuzaji wa krimu ya mchanganyiko.

Ningependa ukaguzi uwe mkali kwa klobetasoli na michanganyiko, na haidrokotisoni iachwe karibu na watu ikiwa na maelekezo yanayotumika. Leo kwenye boksi mfamasia anaandika "paka kutwa mara 2", basi. Aandike pia ncha ngapi, sehemu gani ya mwili, siku ngapi, na lini mtoto arudishwe asipopata nafuu. Peni anayo tayari mkononi.