Madeni ya zamani na kubeti: Marekani watakupa klirensi kweli?

Vijana wetu wengi walioko Marekani wakishapata uraia kupitia jeshi wanaanza kutolea macho kazi zinazotaka klirensi, yaani kibali cha kushika siri za serikali, na hapo ndo wanakutana na fomu inaitwa SF-86, ndefu balaa, ukifika sehemu ya 26 inaanza kukupekua mifuko. Miaka 7 iliyopita umefilisika? Kuna deni lilipitiliza siku 120 hujalipa? Kodi ya serikali je? Halafu inakuja kamari, na hapo habari ya miaka 7 inaisha, wanauliza kama umewahi, tangu uzaliwe, kupata matatizo ya pesa kwa sababu ya kamari.

Kuna wanaoona ni uonevu tu, lakini serikali ina sababu zake. Ronald Pelton wa NSA, shirika la ujasusi la Marekani, alifilisika 1979, mwaka uliofuata akatinga ubalozi wa Wasovieti pale Washington akauza alichokuwa nacho kichwani. Brian Regan, sajenti wa jeshi la anga, kredit kadi zilimlemea kupita dola 100,000, akamwandikia Saddam Hussein anataka dola milioni 13 amuuzie siri. Aldrich Ames wa CIA ndo anatajwa kila siku, 1985 talaka na madeni vimembana akaenda kuwauzia siri Warusi.

Ila Ames huyohuyo ndo anaivuruga hoja yao kwamba mwenye madeni ndo wa kuogopwa. Akishaanza kulipwa na Warusi madeni yakaisha, 1989 akanunua nyumba ya dola 540,000 kwa keshi, na gari la Jaguar juu, kwa mshahara wa serikali! Mashine ya kupima uongo akaipita 1986, akaipita tena 1991, wakaja kumkamata 1994. Aliyekuwa anatafuta mdaiwa hapo angemkuta msafi kabisa. Na wapo wafanyakazi kibao wenye madeni ambao hawajawahi kuuza hata karatasi.

Kwa haki yao, kanuni za klirensi zinazotumika tangu 2017 sio za kijinga. Kipengele F, cha mambo ya pesa, kinaangalia deni lilikujaje na wewe ulifanya nini. Chukua mtu aliugua, ana bili ya hospitali dola 9,000, kaelewana nao anapeleka dola 100 kila mwezi na risiti anazo, huyo ana pa kusimamia. Sasa mlinganishe na mwenzake ana deni la dola 4,000 tu, lakini alizivuta kwenye kredit kadi kuweka mikeka ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, mkeka umechanika, mke hajui kitu. Deni dogo, ila ndo atakayeulizwa maswali magumu, maana kukopa ili ubeti na kuficha hasara za kamari vyote vimetajwa kwa jina kwenye kanuni. Hapo mimi niko upande wa serikali, mtu ambaye jasusi anaweza kumtishia "nitamwambia mkeo" ndo huyo. Na ukidanganya kwenye fomu unaangukia kipengele E, cha tabia na uaminifu, ambacho mara nyingi ni kibaya kuliko deni lenyewe.

Pia wale wenye mikopo ya simu waliyoiacha Nairobi au Dar wanaodhani imeshasahaulika kwa vile haionekani kwenye ripoti ya kredit ya Marekani, fomu haisemi madeni ya Marekani tu jamani.

Kinachonikera ni unafiki. Jeshi hilohilo lina mashine za kamari kwenye kambi zake za nje, Japani, Korea, Ujerumani, wakaguzi wa bunge kwenye ripoti ya 2017 waliandika zilikuwa zaidi ya 3,000, na faida inaenda kwenye burudani za askari. Kijana wa miaka 20 yuko mbali na kwao, mshahara umeingia Ijumaa, mashine iko ndani ya kambi, kisha siku ya klirensi anaulizwa kama kamari imewahi kumtia hasara. Bunge liliagiza kupitia sheria ya bajeti ya ulinzi ya 2019 askari waulizwe habari za kamari kwenye vipimo vya afya, wazo zuri, ila nani atamwambia daktari ukweli akijua ana fomu ya kujaza mwakani?

Wanaozijua kanuni watasema tatizo la zamani lililokwisha linapunguziwa uzito, na ni kweli, ila hiyo ni baada ya kujaza na kusubiri miezi. Ningekuwa mimi, kamari ningeipa miaka 7 kama kufilisika, alafu mashine za kambini zitolewe kwanza.