Deni Si la Mzee, Msililipe

Kuna ushauri unaozunguka sana hapa Kigoma, kwamba familia ilipe deni la mtu aliyekopa kwa kutaja anwani ya mzee wao, na kila nikiusikia hasira inanipanda. Vijana wawili wamefika kwa mzee na pikipiki. Wana karatasi yenye jina la mtu ambaye mzee hamjui, na chini ya jina hilo imeandikwa nyumba ya mzee: mtaa, namba iliyobandikwa ukutani, hata jina la mwenyekiti wa mtaa. Wanadai laki nne pamoja na riba. Mzee anahangaika, majirani wanachungulia, watoto walioko Dar na Mwanza wanapigiwa simu. Kwenye kikao hicho cha simu hakosi mmoja wa kusema: "Jamani tuchange tulipe, yaishe, mzee asiaibike."

Hayaishi. Mkilipa, ndiyo kwanza yanaanza.

Nyumba iliyolipa deni la mtu asiyekaa humo inajulikana. Kijana wa kukusanya madeni anarudi ofisini na kuandika kwamba pale pamelipa. Aliyetumia ile anwani naye anapata habari kwamba haikukataliwa, kwa hiyo mkopo wa pili ataombea hapo hapo, na mwenzake atapewa anwani ileile. Mwezi unaofuata wanakuja wengine, kampuni nyingine, jina jingine. Safari hii mkisema hamumjui mtu huyo, mtaulizwa mbele ya mwenyekiti: kama hamumjui, ile laki nne mlimlipia nani? Mtajibu nini? Mzee aliyekuwa shahidi kwamba mtu mwingine amedanganya amegeuka kuwa mdhamini kwa vitendo, na waliomgeuza ni wanawe wenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalioni. Mkopo unaotolewa kwa utaratibu una hatua zake. Afisa mikopo anatakiwa afike nyumbani kwa mwombaji kabla pesa haijatoka, aone anakolala, aulize kwa mjumbe, amwone mdhamini uso kwa uso akitia saini. Kausha damu, yaani wakopeshaji wa mitaani wa riba kubwa, wanaruka hatua hizo kwa sababu wanataka pesa izunguke haraka. Kwa hiyo karatasi yenye anwani ya mzee inapofika mlangoni, ushahidi wa kwanza uliomo ndani yake ni kwamba afisa hakuja kuangalia. Uzembe huo ni wake na hasara hiyo ni ya mwajiri wake. Familia inayochanga inamfutia kosa, naye kesho atafanya hivyohivyo kwa mzee mwingine wa Buzebazeba au Katubuka ambaye hana watoto wa kuchanga.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna hali moja ambayo familia inaweza kulipa. Mara nyingi anwani haikuibwa na mtu wa mbali. Ni mjukuu, ni mpwa, ni mpangaji wa chumba cha uani aliyehama usiku. Kama ni damu yenu na mmeamua kumsaidia, msaidieni, ila risiti iandikwe jina lake, mkataba mpewe, na iandikwe wazi kwamba mzee hakukopa wala hakudhamini. Pesa isipite mkononi mwa mzee wala isitumwe kutoka kwenye simu yake. Kwa mpangaji aliyehama, msitoe hata shilingi.

Sasa tuje mlangoni. Mzee afundishwe jibu moja na alirudie bila kuongeza neno: "Huyo simjui, hakai hapa, twendeni kwa mwenyekiti." Asiwakaribishe ndani na asikae nao barazani kuzungumza yaishe. Asitie saini wala dole gumba kwenye karatasi yoyote, hata ile wanayosema ni ya kuonyesha tu kwamba wamefika. Kitambulisho chake kisipigwe picha. Anayeishi naye, hata kama ni mjukuu wa darasa la saba, apige picha ya karatasi waliyokuja nayo na aandike namba ya pikipiki.

Mbele ya mwenyekiti ndipo maswali yaulizwe, nayo ni machache. Kampuni inaitwa nani, na leseni yake ya Benki Kuu iko wapi? Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji wa biashara hawezi kufanya kazi bila leseni, na vikundi vya kukopeshana navyo vinasajiliwa. Mkataba uko wapi? Mdhamini ni nani, na saini yake ni ipi? Anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha, mzee hana kazi ya kuthibitisha kwamba hakukopa. Wengi wa hawa vijana wakifikishwa ofisini na kuulizwa leseni, wanasema watarudi na hawarudi.

Wakionyesha karatasi halali, andikeni barua siku hiyohiyo. Ukurasa mmoja unatosha: jina la mzee na nyumba yake, jina la mdaiwa anayetajwa, kwamba mtu huyo hakai na hakuwahi kukaa hapo (au alipanga na amehama, taja mwezi na mwaka), kwamba mzee hakukopa wala hakudhamini, na kwamba anataka anwani yake iondolewe kwenye kumbukumbu zao. Mwenyekiti au mtendaji agonge muhuri. Toeni nakala tatu: ya mkopeshaji, ya ofisi ya mtaa, ya nyumbani. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanapeleka barua na kurudi mikono mitupu. Nakala yenu igongwe "imepokelewa", iwe na tarehe na jina la aliyepokea. Wakikataa kupokea, mwenyekiti aandike nyuma ya nakala kwamba walikataa, na tarehe.

Ikiwa kuna saini ya mzee aliyoigiza mtu, hiyo ni kughushi, nendeni polisi mkafungue jalada mpate RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi. RB haiuzwi. Wakija kubeba televisheni, mabati au cherehani ya mtu asiyekopa, hilo nalo ni la polisi papo hapo, halisubiri kikao cha ukoo.

Mikopo ya kwenye simu ina njia yake. Huko hawaji na pikipiki, wanatuma meseji za matusi kwa kila jina lililomo kwenye simu ya mkopaji, na mzee aliyewahi kumpigia mtu huyo mara moja anaambiwa ni mdhamini. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya kukopesha yasiyo na kibali. Msijibizane nao. Hifadhini meseji bila kufuta, chukueni jina la programu na namba iliyotuma. Kutumia taarifa za mtu namna hiyo kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Tume yake inapokea malalamiko. Namba za matapeli zinatumwa TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, kupitia 15040.

Hayo ni ya nyumba. Lakini mkoani kwetu anwani ya mzee haiibwi peke yake. Inakwenda pamoja na namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na hapo Kigoma tuna tatizo letu. Mkoa ni wa mpakani, uhakiki wa uraia ni mrefu, na watu wengi wanakaa muda mrefu bila namba. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza 2019, Mtanzania asiye na namba ya NIDA hawezi kusajili laini. Kwa hiyo laini iliyokwisha sajiliwa kwa jina la mtu mwingine ina soko, na anayeuza anatafuta vidole visivyouliza maswali. Vidole hivyo ni vya wazee.

Angalieni inavyofanyika. Mzee amepoteza laini au anataka ya mtandao mwingine. Anakwenda kwa kijana mwenye mwavuli sokoni. Vidole vya mzee vimeshika jembe, kasia na nyavu maisha yake yote, mistari imelika, ngozi ni kavu, mashine kweli inashindwa kusoma. Kijana anasema "haijasoma mzee, rudia", na mzee anarudia. Mara nyingine haikusoma kweli. Mara nyingine ilisoma tangu mwanzo, na alama ya pili imesajili laini ya pili inayobaki kwenye droo ya kijana. Meseji ya kuthibitisha inakwenda kwenye ile laini ya pili, kwa hiyo mzee hapati habari yoyote. Atakuja kuipata siku polisi wanapomuulizia, kwa sababu mtu wa Mbeya ametapeliwa na namba yenye jina lake.

Dawa yake ni *106#. Haihitaji simu kubwa, kitochi kinatosha, wala haitaki salio. Ukifuata menyu na kuingiza namba ya NIDA, unaona laini zilizosajiliwa kwa jina hilo. Piga kwa kila mtandao, usiridhike na mmoja: Vodacom, Airtel, Yas, Halotel, TTCL. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo anayejua tarehe ya kuzaliwa ya mzee ameshajua karibu nusu. Hiyo ndiyo sababu nakataa kabisa tabia ya kutoa kopi ya kitambulisho kila penye kikundi, mradi au msaada wa mchele. Ikilazimu, andikeni juu ya kopi kwa peni, kukatisha herufi zenyewe: imetolewa kwa ajili gani, na tarehe.

Mkikuta laini msiyoijua, mwavuli wa sokoni hausaidii. Inafutwa kwenye duka la mtandao wenyewe, mzee akiwepo na kitambulisho na vidole vyake, na mtoto aliyeko Dar hawezi kulimaliza kwa simu. Kwa aliyeko Buhigwe au Uvinza safari ni ndefu, pangeni siku moja ya kumaliza yote: dukani, polisi, ofisi ya kata. Kabla laini haijafutwa, iandikeni namba yake kamili na mpige picha kioo cha simu, kwa sababu ikishafutwa haitaonekana tena na polisi wataitaka. Kisha pigeni *106# mkiwa bado dukani mhakikishe imeondoka. Vidole vikigoma, mzee anawe mikono kwa sabuni, ajifute, apitishe kitambaa chenye unyevu kidogo, ajaribu kidole kingine. Kila anapobonyeza, aliyemsindikiza aangalie kioo cha mashine yeye mwenyewe.

Na jihadharini na wimbi la pili. Mzee akishatajwa kwenye jambo kama hili, huja simu ya mtu anayejiita askari wa makosa ya mtandao, akitaka elfu hamsini "tufute jina lako". Polisi hafuti jalada kwa kutumiwa pesa kwenye simu. Kampuni za simu nazo zikimpigia mteja hutumia namba 100. Namba ya siri haisemwi kwa mtu yeyote, awe mtoto, awe wakala.

Nimewaacha viongozi wa mitaa mwisho, lakini nina neno nao. Tangu 2022 nyumba zetu zina namba ukutani na mitaa ina vibao. Ni jambo jema, gari la wagonjwa linafika. Lakini namba iliyo ukutani anaisoma kila apitaye barabarani, haithibitishi kwamba anayeitaja anakaa ndani. Barua ya utambulisho ndiyo inayothibitisha, na barua hiyo inatolewa kirahisi mno. Kijana anafika ofisini, anasema anakaa kwa mzee fulani Gungu, anatoa hela ya karatasi, anaondoka na muhuri. Mzee fulani hakuulizwa. Mwenyekiti anayegonga muhuri huo ameshiriki kwenye hasara itakayofuata, hata kama hakujua.

Haliwezi kuwa jambo gumu kutaka mwenye nyumba aje, au mjumbe apigiwe simu mbele ya mwombaji. Kuwe na daftari lenye jina la mwombaji, nyumba anayotaja, barua ni ya nini, na saini ya mwenye nyumba. Watoto wa wazee, mkija Idi au Desemba, nendeni ofisi ya mtaa na mzee wenu mkaombe iandikwe kwenye daftari hilo kwamba barua yoyote inayotaja nyumba yake isitolewe bila yeye kuitwa, na muache namba zenu mbili. Kama daftari halipo, nunueni nyinyi na kulikabidhi mbele ya mtendaji.