Thamani ya kilicho changu: urithi wa mageuzi au mafunzo ya soko?

Baadhi ya magari ya watalii yanayoondoka Arusha asubuhi kuelekea Karatu huwafikisha wageni ukingoni mwa Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji ambao mara nyingi huelezwa kuwa kielelezo hai cha binadamu wa kale. Naamini maelezo hayo yanapotosha, na utafiti wa Coren Apicella na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, unanipa sababu.

Utafiti huo ulihusu mwelekeo wa mtu kukithamini kitu zaidi kwa kuwa tu kimekuwa chake. Wanaotilia mkazo mageuzi ya viumbe, yaani wanaosema tabia hii tumeirithi, wana hoja nzito hapa: wanafunzi wa vyuo vikuu waliopewa vikombe walidai bei kubwa kuliko ile ambayo wenzao wasiokuwa navyo walikuwa tayari kulipa, na hata sokwe akishapewa chakula huwa mgumu kukibadilisha. Tabia tunayoshiriki na sokwe haiwezi kuwa imezaliwa dukani.

Wahadzabe walipewa biskuti au kiberiti cha gesi, kisha wakaulizwa kama wangependa kubadilisha wapate cha aina nyingine. Miongoni mwa walioishi mbali na watalii, karibu nusu walibadilisha, kama inavyotarajiwa ikiwa kila mtu alipewa aina ya kwanza kwa bahati nasibu na kumiliki hakukuongeza thamani yoyote. Miongoni mwa walioishi karibu na kijiji, ambako pinde na mishale huuzwa kwa wageni, ni takriban robo tu waliobadilisha. Hawa ni watu wa lugha moja na nasaba moja, hivyo tofauti hiyo ni vigumu kuipachika kwenye damu. Kilichotofautiana ni maisha: kambini, nyama ya mnyama mkubwa hugawanywa kwa wote na mwenye kitu huombwa mpaka akitoe, ilhali anayeuza upinde hulazimika kusema kwamba huu ni wangu na bei yake ni hii.

Hata hivyo, hoja ya mageuzi haijaanguka. Huenda waliosogea karibu na soko walikuwa na hulka hiyo tangu awali, ingawa Wahadzabe huhamahama kambi mara kwa mara. Sokwe nao hawakuonyesha ugumu ule walipopewa vitu vya kuchezea, jambo linaloashiria kwamba mageuzi yalituachia uwezo wa kung'ang'ania unaoamshwa na mazingira fulani, si amri ya kung'ang'ania kila kitu. Kwa hiyo Mhadzabe anayekitoa kiberiti chake bila kusita hajasalia katika enzi za kale. Amelelewa leo, na jamii ya leo, kwa desturi zinazofundishwa kwa bidii ileile tunayotumia mjini kuwafundisha watoto wetu kuhesabu chenji.